Sura ya Tano: Nikutazame Sikio

Habari za maringo yangu zilinifikia kanisani, na kama ilivyo desturi ya habari za mtu, mimi ndiye niliyezisikia mwisho. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi alinivuta kando baada ya ibada, akaninong'oneza kwamba jirani yangu wa ng'ambo ya ua amekasirika. Kumbe tulikuwa tumekutana asubuhi kwenye kile kijia chetu cha Uthiru ambacho watu wawili hawapishani bila kugusana viwiko. Akanisalimu, nikampita kama mti. "Anasema tangu ustaafu humjui mtu."

Nilimwona. Niliona kitambaa chake cha kijani kichwani, nikaona mikono yote miwili imeshika karai la mahindi mabichi, nikaona kandambili zake na jiwe alilolikwepa. Lakini mtu aliyebeba karai kwa mikono miwili husalimu kwa uso: hutabasamu, huinua nyusi, basi, imetosha. Na uso ndio uliokuwa haupo. Mahali pake palikuwa na kitu kama alama ya kidole chenye mafuta kwenye kioo cha miwani, kijivu, kisicho na ukingo, kinachohama kila jicho linapohama, kwa sababu kimo ndani ya jicho lenyewe.

Kiswahili, lugha niliyoifundisha shule za upili kwa miaka 34, kina majina mengi ya macho yenye hitilafu. Asiyeona kabisa ni kipofu. Mwenye jicho moja ana chongo. Anayetazama huku akaona kule ana makengeza, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Mwanga ukikuzidi umeingiwa na kiwi. Lakini mtu anayeuona mjusi ukutani kwa pembe ya jicho, na asimtambue mwanawe aliyesimama mbele yake, huyo hatukumpa jina. Kwenye fomu za serikali mimi ni mtu mwenye "uoni hafifu". Si vibaya, ila hafifu lilikuwa neno letu la kitambaa cha bei rahisi, na mimi macho yangu si mepesi namna hiyo. Yana tundu katikati.

Tundu lilianzia gazetini. Mimi ni msomaji wa Taifa Leo wa miaka mingi, na nina tabia mbaya ya kulisahihisha kwa kalamu nyekundu. Asubuhi moja nikazungushia duara neno lililokosa herufi katikati. Nikakuta jingine, na jingine tena, hadi nikaona leo wahariri wamelala kazini. "Kitabu" limekuwa "ki bu". Nilipofumba jicho la kulia, herufi zikarudi mahali pake. Nilipolifumbua, mistari ya safu ikapinda kama kamba ya nguo iliyolemewa na blanketi la maji.

Nikafanya afanyavyo kila mtu hapa Nairobi: nikapanda matatu kwenda mjini kununua miwani. Duka moja lilinipima kwa muda usiofika dakika kumi, likaniuzia. Baada ya miezi miwili nikarudi, likaniuzia nyingine ya bei zaidi. Hakuna aliyechungulia nyuma ya jicho. Jina la duka nitalihifadhi, maana kosa lilikuwa la pande mbili: mimi niliomba miwani, na wao kazi yao ni kuuza miwani. Ila miezi ile miwili ndiyo ninayoilipia mpaka leo.

Aliyechungulia alikuwa daktari wa hospitali ya macho ya Lions pale Loresho. Nilitiwa matone ya kupanua mboni, nikakaa kwenye benchi nusu saa huku dunia ikizidi kuwaka mwanga, kisha nikaweka kidevu kwenye mashine. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kulia. "Mama, tatizo lako liko kwenye makula." Nilimjibu kwamba nakula vizuri, mboga nyingi, nyama mara moja kwa wiki. Alicheka mpaka akavua miwani yake mwenyewe.

Makula, alinieleza, ni doa dogo lililo katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Upana wake ni kama milimita 5 tu. Lakini hapo ndipo kazi zote zinazotaka ukali wa jicho hufanyika: kusoma, kutia uzi kwenye sindano, kutambua sura, kutofautisha noti ya mia na ya mia mbili. Sehemu nyingine yote ya retina, ambayo ni kubwa zaidi sana, kazi yake ni kukuzuia usigonge mlango. Kwa baadhi yetu, umri ukisogea, doa hilo huanza kuchakaa. Kuna namna kavu, inayotafuna polepole kwa miaka. Kuna namna ya majimaji, ambapo mishipa michanga ya damu huota mahali pasipostahili na kuvuja, na hiyo inaweza kukuharibia jicho kwa wiki chache. Jicho langu la kushoto lilikuwa na kavu, la kulia lilikuwa na ya majimaji. Uvutaji wa sigara huongeza hatari, sijawahi kuvuta. Umri huongeza hatari. Hapo sikuwa na utetezi.

Alinipa karatasi yenye miraba na nukta katikati, kipimo kilichoenezwa na Marc Amsler, daktari wa macho wa Uswisi, katika miaka ya 1940. Unafumba jicho moja, unakazia nukta kwa jicho la pili, unaangalia kama mistari imenyooka. Ikipinda upya, usingoje Jumatatu. Nilipofika nyumbani nikagundua sikuihitaji karatasi ya hospitali. Nilichana ukurasa wa daftari la hesabu la mjukuu, lile la miraba, nikachora nukta kwa kalamu nyekundu, nikaubandika kwenye mlango wa friji. Mwalimu wa Kiswahili nimeishia kuchunguza daftari la hesabu kila asubuhi kabla ya chai.

Jicho la kulia likaanza kudungwa sindano. Najua msomaji amekunja uso. Mimi pia nilikunja. Lakini jicho hutiwa ganzi kwanza, kope hushikwa zisifumbe, daktari anakuambia tazama chini kushoto, unahisi kama mtu amekubonyeza kwa kidole, kisha unaona dawa ikijichora ndani ya jicho kama moshi kwenye maji. Tatu za kwanza hufuatana kila baada ya wiki nne, halafu daktari anaamua. Dawa niliyodungwa asili yake ni ya saratani ya utumbo. Mwaka 2005, Philip Rosenfeld, daktari wa Miami kule Marekani, alianza kuidunga machoni kwa vipimo vidogo mno, na kwa kuwa chupa moja hugawika kwa macho mengi, bei ikawa ya kuweza kuvumilika kuliko ya dawa zilizotengenezwa mahsusi kwa jicho. Nasema kuvumilika. Mpaka leo nikiona bei ya kitu dukani nakigeuza kuwa sindano: sofa hii ni sindano ngapi?

Uvujaji ulikoma. Kilichokwisha kuharibika hakikurudi, na upande mkavu uliendelea na mwendo wake.

Wengi walionipa pole walisema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe Dkt. Wanjiku Mathenge na wenzake walikwisha kwenda Nakuru, mwaka 2007 na 2008, wakapima macho ya watu wa miaka 50 na zaidi, mjini na vijijini. Katika matokeo waliyochapisha 2013, kwa kila watu 100, 11 walikuwa na dalili za mwanzo za makula kuchakaa, na mmoja hivi alikuwa amefika hatua ya mwisho. Mmoja katika mia. Kanisa letu siku ya Pasaka hujaa watu wa umri wangu. Nikianza kuhesabu viti, siko peke yangu. Ila wenzangu wanasema ni uzee, wanaketi nyumbani.

*

Kuketi nyumbani nilikujaribu. Kwa wiki sita nilikuwa mtu wa kuletewa chai. Aliyenitoa humo ni mhudumu wa uoni hafifu, msichana mwenye umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, aliyekuja na swali moja: "Mwalimu, ukitaka kuniona, unatazama wapi?"

Nikamwambia natazama uso wake, na uso wake haupo.

"Basi usiutazame."

Somo lenyewe ni hilo, lakini lilinichukua miezi. Makula ikifa, sehemu ya retina iliyo jirani yake bado inaona, si kwa ukali wa zamani, ila inaona. Kazi ni kuipata sehemu iliyo bora kuliko nyingine, kisha kuufundisha ubongo uitumie kama kituo kipya. Alinichorea duara kubwa akaniambia nilione kama saa ya ukutani, uso wake uko katikati, nami nizungushe macho kwenye namba moja baada ya nyingine hadi uso uchomoze. "Jaribu saa tatu." Nikatazama kushoto. "Saa tatu, Mwalimu." Nikazidi kushoto. Tulipotezana dakika nzima kabla sijatambua kwamba yeye anasema namba 3 na mimi nasikia saa tatu asubuhi, mshale kwenye 9. Tulipoelewana nikajaribu upande wake. Hapo, nikiwa nimekazia macho sikio lake la pili, uso wa msichana ukatokea pembeni, umefifia kidogo kama picha ya kitambulisho cha zamani, ukiwa na mwanya katikati ya meno. Nililia. Yeye akadhani ni mwanga.

Sasa niwaulize mnaoona: mtu akizungumza nawe huku anakutazama sikio, utamfikiriaje? Ana dharau. Au anakudanganya. Au anamtafuta mtu wa maana zaidi nyuma yako. Na mimi ndiye niliyesimama mbele ya madarasa miaka 34 nikisema, "Nitazame ninapozungumza nawe!" Mwezi wa kwanza watu walikuwa wanageuka kuangalia nyuma yao. Muuza mboga wangu alijipangusa bega. Ikabidi nitunge sentensi ya kufungulia mazungumzo, na nimeipunguza hadi ikawa fupi: "Macho yangu hayaoni katikati. Nikikutazama sikio ndipo nakuona. Niambie jina lako." Kuisema kwa mara ya kwanza, kwa yule jirani wa karai la mahindi, kulikuwa kugumu kuliko sindano.

Huduma za namna hii zimekuwepo upande wetu wa magharibi mwa Nairobi kwa miaka mingi kuliko watu wanavyojua. Hospitali ya PCEA Kikuyu, kilomita chache kutoka kwangu, ndiko alikosaidiwa Henry Wanyoike, yule mkimbiaji aliyezaliwa Kikuyu mwaka 1974. Kiharusi kilimchukulia karibu uwezo wote wa kuona mwaka 1995 akiwa kijana. Kabla ya kukimbia tena alipitia chuo cha vipofu Machakos, akajifunza kufuma sweta kwa mashine. Mwaka 2000, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Walemavu kule Sydney, alishinda dhahabu ya mita 5,000, na mkimbiaji aliyekuwa akimwongoza alipoishiwa nguvu karibu na utepe, yeye kipofu ndiye aliyemvuta mwenye macho. Hadithi hiyo husimuliwa kila mtu anapotaka kunitia moyo. Naipenda sana, lakini mimi sikutaka kukimbia. Nilitaka kumimina chai.

Chai ya maziwa kwenye kikombe cheupe haionekani. Ukiyamimina maziwa kwenye kikombe cheusi, yanaonekana yakipanda kama mwezi. Hilo ndilo lililokuwa somo la jikoni lote, mengine ni matawi yake: wali kwenye sahani ya buluu, ugali kwenye sahani ya kahawia, kitunguu juu ya ubao mweusi, nyanya juu ya ubao mweupe. Nimebandika tone la rangi ya kucha nyekundu mahali swichi ya gesi inapofika kwa moto mdogo. Chumvi imefungwa raba bendi mbili, sukari haina. Maharagwe nachambua kwa vidole. Mawe yana ubaridi wake. Sukuma wiki nakatiwa na muuza mboga, kama mnavyokatiwa nyote, msijifanye. Taa ya kusomea iko ubavuni karibu na kitabu, si juu ya kichwa, na kiti kimegeuzwa kikalipa dirisha mgongo. Kioo cha kukuzia, chenye taa ndani, kinanifaa kwa bili na maandishi ya chupa za dawa. Riwaya siwezi. Herufi tano tano kwa kurasa 300 si kusoma, ni kuchimba kisima kwa kijiko. Riwaya nazisikiliza.

Pesa zilinipa taabu ya pekee. Sarafu zetu za mwaka 2018 zina wanyama wazuri sana, nakumbuka zilivyosifiwa: twiga kwenye shilingi 1, kifaru 5, simba 10, tembo 20. Mbuga nzima imo mkobani na simwoni mnyama hata mmoja. Noti za 2019 zimewekewa alama za kupapasa, na zikiwa mpya vidole vinazisoma. Noti ikishapita mikono ya Gikomba na jasho la konda, inakuwa kitambaa. Kwa hiyo nakunja: elfu mara mbili, mia tano mara moja, mia mbili kwa urefu, mia inabaki wazi. Nikirudishiwa chenji namwomba mtu aitaje noti moja moja anaponipa. Nimewahi kuibiwa hivyo? Mara moja ninayoijua.

Simu ilikuja kuokoa, kisha ikaniaibisha. Kabla sijajifunza kuisikiliza, ujumbe wa M-Pesa alinisomea mjukuu wangu mkubwa. Kijana mwema. Ila kijana mwema anayejua kila shilingi inayoingia kwako hujua pia siku ya kuomba viatu. Nilipomwambia aiwashe ile programu ya simu inayosoma maandishi kwa sauti, alisita kidogo, nikamwelewa. Mwanzoni sauti ilikuwa ya Kiingereza, na mimi nimeuweka ujumbe wangu kwa Kiswahili. Sitasahau lile jimama la ng'ambo likipambana na "imethibitishwa". Nilitamani kulipa zoezi la nyumbani. Tulipata sauti ya Kiswahili baadaye. Siku ya kwanza ya pensheni baada ya hapo, nikiwa kwenye matatu iliyosheheni pale Museum Hill, simu ikatangaza kwa matamshi safi salio langu lote hadi senti. Watu wakanyamaza. Konda akasema, "Mathe, leo unatulipia sisi wote." Tangu hapo sitoki bila vidude vya masikioni.

*

Mji wenyewe umegawanyika upya. Zamani nilikuwa na ramani ya majengo: Kencom, Archives, Ambassadeur. Sasa nina ramani ya mwanga. Kutoka juani kuingia kivulini macho yangu huchukua muda mrefu kuzoea, na tangu ile barabara ya juu ilipofunguliwa mwaka 2022, Westlands yote ina paa la zege. Ukitoka upande wa jua ukaingia chini ya nguzo zile, ni kama mtu amekufunika gunia. Nasimama. Nahesabu hadi thelathini. Wapita njia wananikunjia uso, nadhani, sijui. Daraja la watembea kwa miguu pale Kangemi nalipenda kwa sababu lina reli ya kushika, ila ngazi ya mwisho ina rangi ileile ya zege na lami, na ngazi ya mwisho ndiyo inayovunja nyonga za wazee. Mtaa wa Tom Mboya nimekoma kuupita baada ya saa kumi. Nikiikazia macho njia siwaoni wachuuzi, nikiwatazama wachuuzi siioni pikipiki inayokuja juu ya njia ya miguu.

Namba za matatu hazisomeki tena. Inabaki kumuuliza konda ambaye gari lake lina neno UTHIRU la urefu wa mkono. "Si imeandikwa hapo, mathe?" Imeandikwa, mwanangu.

Ni hilo hasa lililonifanya nichukue fimbo nyeupe, baada ya kuikataa mwaka mzima. Nilikuwa nimeshasajiliwa kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ofisi zake ziko Waiyaki Way mkabala na ABC Place, nikapewa kadi. Kadi unaitoa ukiulizwa. Fimbo inajibu kabla ya swali. Yangu ni fupi, ya kukunja, haipapasi njia. Kazi yake ni kunitambulisha. Na ilifanya kazi mara moja: madereva wakapunguza mwendo, makonda wakanishika mkono, tena wengine kwa nguvu mno, kama wanapakia gunia la viazi.

Ndipo ikaja siku ya kijana wa kiti cha nyuma. Nilikuwa nimeketi, fimbo mapajani, nikatoa simu nikaisogeza karibu na shavu, herufi zimekuzwa, nikawa natafuta jina la mtu kwa ule mtazamo wangu wa kando. Sauti ikatoka nyuma: "Eh! Kumbe kipofu anasoma WhatsApp? Huyu mathe anatuchezea." Gari zima likacheka. Sikumlaumu sana. Kwake yeye mtu ama anaona ama haoni, na mimi nimekaa pale na fimbo ya wasioona nikifanya kazi ya wanaoona.

Ualimu hauishi. Nikamgeukia. "Wewe, fumba jicho moja. Nyoosha mkono, kunja ngumi, iweke mbele ya jicho lililobaki. Itazame ngumi tu, jicho lisitoke hapo. Sasa nisomee ile stika iliyo mbele kwa dereva." Akanyamaza. Mwanamke aliyeketi kando yake naye akawa ameinua ngumi. Konda pia, mlangoni, mkono mmoja umeshika chuma. "Sioni," akasema kijana. "Mlango unauona?" "Nauona." "Madirisha?" "Yote." "Ukisimama, utanigonga?" Akacheka kidogo. "La." Nikarudi kwenye simu yangu.

Alipokuwa anashuka pale Kangemi aliniinamia akaniambia kwa heshima kubwa kwamba shangazi yake aliponya macho kwa juisi ya karoti.

Karoti! Nimeletewa karoti za kufungulia kioski. Nyumba yangu imewahi kunuka karoti wiki nzima. Kwa mwenye upungufu wa vitamini A zinasaidia, sikatai, lakini si huu ugonjwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2013 ulijaribu kuiondoa dutu ile inayozipa karoti rangi yake kutoka kwenye vidonge vya wagonjwa wa makula, maana kwa waliowahi kuvuta sigara ilihusishwa na saratani ya mapafu, ukaweka badala yake luteini, ambayo imejaa kwenye mboga za majani za kijani. Yaani sukuma wiki. Vidonge vile navyo hupunguza kasi tu kwa walio hatua ya kati, havirudishi kitu. Lakini jaribu kumweleza mtu aliyebeba kilo mbili za karoti kutoka Wangige kwa upendo.

*

Kuna jambo sikumwambia mtu kwa miezi minne.

Jioni, taa ikiwa hafifu na mimi nimekaa kimya, watoto walikuwa wanakuja. Wanafunzi. Wamejipanga kando ya ukuta wa sebule, sweta za rangi ya damu ya mzee, soksi zimevutwa hadi gotini, saba au wanane. Hawasemi. Hawanijali. Nikigeuza macho wanatoweka, wakati mwingine wanarudi wakiwa wadogo kama vikombe, wamesimama juu ya televisheni. Nilijua hawapo. Lakini kujua huko hakukunisaidia saa mbili usiku. Nilidhani akili inaondoka, au kwamba nimetembelewa na vitu vya kukemewa, na kwa jinsi ninavyolijua kanisa langu, ningesema neno moja tu, nyumba ingejaa waombaji hadi alfajiri.

Daktari ndiye aliyeuliza, kikawaida, akiandika: "Je, unaona vitu ambavyo havipo? Watu, wanyama, maua?" Nilikaa kimya kirefu kiasi cha kujibu. Akaweka kalamu chini akaniambia kwamba mwaka 1760 Charles Bonnet, mwanazuoni wa Uswisi, aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa karibu miaka 90 mwenye akili timamu na macho mabovu, aliyekuwa akiona watu, ndege, magari ya farasi na majengo ambayo hayakuwepo. Ubongo uliozoea kupokea picha, ukinyimwa, hujitengenezea. Si wazimu, si pepo. Huja bila sauti, na kwa wengi hupungua na muda. Aliniambia nipepese macho au niwashe taa.

Nilipolisimulia kwenye kikundi cha maombi, nikiwa nimejiandaa kwa lolote, mama mmoja wa miaka themanini na kitu alianza kulia. Yeye alikuwa akiona ng'ombe. Ng'ombe jikoni, miaka miwili, na hakumwambia hata mumewe.

Wanafunzi wangu sasa huja mara chache. Nikiri kwamba siku hizi siharakishi kuwasha taa. Nyuso zao naziona wazi kabisa, katikati, kila unyusi. Hakuna ninayemjua hata mmoja.

Wa kweli nawatazama masikio. Mjukuu wangu mdogo ana miaka mitano, na hajawahi kunijua nikitazama kwa namna nyingine. Binti yangu ananiambia kwamba kila Jumapili, kabla hawajatoka Kawangware kuja kwangu, mtoto hukataa kuvalishwa viatu mpaka asafishwe masikio yote mawili, nyuma na ndani, kwa kitambaa chenye sabuni. Shosho, anasema, huyakagua.